"Umepimwa?": Safari ya maneno ya ukimwi na bima hadi dirisha moja

Yapo maneno ya Kiswahili ambayo ukiyasikia mtaani Silanga, Kibera, hutayaelewa vyema kwa kutegemea kamusi pekee. Mawili kati yake ni kupima na hali. Kamusi itakwambia kwamba kupima ni kutafuta urefu, uzito au kiwango cha kitu, na kwamba hali ni jinsi mtu au kitu kilivyo. Lakini muulize mkazi wa Silanga, au wa Kawangware, "Umepimwa?" naye hatafikiria mizani. Mwambie unataka kujua hali yake, na huenda akatazama kwanza ni nani amesimama karibu.

Maneno haya yalibanwa maana na ukimwi kwa kipindi cha miaka 40 hivi. Tangu Oktoba 2024 yamepewa kazi ya pili, ya bima ya afya, na waliowapa kazi hiyo watu wa bima nadhani hawakujua kwamba maneno yenyewe tayari yalikuwa na mwajiri. Nataka nifuate historia yake, kwa sababu mkanganyiko uliopo sasa kwenye madirisha ya hospitali si wa sera tu. Mwingine ni wa lugha.

Nianze na kupima. Zamani pwani, pima lilikuwa pia nomino: urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Wavuvi walihesabu kina cha bahari kwa pima, na wafanyabiashara wakapima nguo. Kutoka hapo kitenzi kikaenea hadi shambani, sokoni na hospitalini. Hadi miaka ya 1980 mtu aliyesema "nimeenda kupimwa" angeulizwa, "Kupimwa nini?" Huenda ni malaria, huenda ni macho au mimba. Swali hilo la pili ndilo lililokuja kufa.

Kisa cha kwanza cha ukimwi kilitambuliwa nchini Kenya mwaka wa 1984. Wakati huo ugonjwa ulikuwa na majina mengi na hakuna hata moja lililotoka kwa daktari. Kule Kagera, Tanzania, watu waliuita Juliana, kutokana na vitambaa vilivyovushwa mpakani kutoka Uganda. Waganda wenyewe walisema Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Wajaluo wakauita ayaki, jina lenye picha ya kitu kinachomnyakua mtu, na wengine wakauchanganya na chira, maradhi ya aliyevunja mwiko. Vijana wa Nairobi walikuja na yao: ngoma, mdudu, kukanyaga waya. Hilo la mwisho linaeleweka upesi katika mtaa ambao nyaya za stima hupita chini kwa chini. Unaikanyaga bila kuiona.

Majina haya yote yana sifa moja. Ni ya kuficha. Yalitungwa ili watu wazungumze habari ya marehemu matangani bila kumtaja muuaji.

Istilahi rasmi ilipokuja, ilitungwa kwa akili nyingi kuliko tunavyokumbuka. UKIMWI ni akronimu iliyoanzia Tanzania, nayo ikajipata katika ngeli ya U kama ugonjwa na uchungu, hata leo wengi huandika ukimwi kwa herufi ndogo wasijue kwamba ni kifupisho. Ila U hiyo ya mwanzo ilifafanuliwa kwa njia mbili. Wengine walisema Ukosefu wa Kinga Mwilini, wengine Upungufu wa Kinga Mwilini. Tofauti hiyo si ndogo. Aliyekosa kinga hana chochote. Aliyepungukiwa bado ana kiasi, na kiasi kinaweza kuongezwa. Kabla ya dawa kufika, ukosefu ulikuwa ndio ukweli wa watu wengi. Baada ya dawa, upungufu ndio ulioshinda, na ulistahili kushinda.

Penye kasoro ni kwa virusi vyenyewe. Kwa Kiingereza jina la virusi halitaji ugonjwa. Linataja upungufu wa kinga kwa binadamu. Sisi tulisema Virusi Vya Ukimwi, VVU, tukauweka ugonjwa ndani ya jina la kile kinachousababisha. Matokeo yake ni kwamba ukimwambia mtu "una virusi vya ukimwi," masikio yake yanachukua neno la mwisho. Washauri nasaha wametumia saa nyingi mno kueleza kwamba kuwa na VVU si kuwa na ukimwi, na sehemu ya kazi hiyo ilisababishwa na istilahi, si na ugumu wa sayansi.

Mnamo Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, na baraza la kitaifa la kuudhibiti likaundwa mwaka huohuo. Kuanzia 2001 vikaanza kuenea vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari, ambavyo hakuna aliyeviita hivyo. Viliitwa VCT, na jina hilo likawa la mahali: "ameenda VCT." Hapa ndipo kitenzi kupima kilipoanza kupoteza swali lake la pili. Matangazo yalisema nenda ukapimwe, mabango yakasema jua hali yako, na hakuna aliyeongeza kupimwa nini wala hali ya nini. Haikuhitajika. Wanaisimu huliita jambo hili kufinyika kwa maana. Neno pana huhamia chumba kimoja cha nyumba yake na kujifungia humo.

Kibera ilikuwa na bahati fulani katika balaa hilo. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya kazi huko kuanzia 1997 hadi 2017, ikiwemo kliniki ya Silanga, na Amref ilikuwa na kituo chake Laini Saba. Mnamo 2003, dawa za kupambana na virusi zilipokuwa bado ndoto katika sehemu nyingi za nchi, wakazi wa mtaa huu walianza kuzimeza. (Silanga, kwa asiyejua, ni neno la huku bara, hasa Ukambani, lenye maana ya bwawa. Mtaa umekaribiana na Bwawa la Nairobi. Nalo jina Kibera linatokana na neno la Wanubi la msitu. Leo hakuna msitu, na bwawa lenyewe limemezwa na magugu.)

Dawa hizo zilihitaji jina. Kenya ilichagua dawa za kupunguza makali, nami nauona huu kuwa utunzi bora kabisa katika msamiati wote wa ukimwi. Makali ni ya kisu. Ukipunguza makali, kisu bado kimo nyumbani, ila hakikati. Hakuna ahadi ya kupona ndani yake, wala hakuna kukata tamaa. Tanzania walichagua kufubaza, kitenzi cha kitu kinachopoteza mng'ao au nguvu, na hakina ubaya wowote, lakini mgonjwa hahitaji kufafanuliwa makali. Tunasema makali ya njaa na makali ya baridi kila siku.

Watu nao walihitaji jina. Magazeti yetu, likiwemo hili unalolishika, yalizoea waathiriwa wa ukimwi, na bado yanateleza mara kwa mara. Mwathiriwa ni mtu aliyetendwa, kama wa ajali au wa moto. Huko Denver, Marekani, wagonjwa walikataa mwaka wa 1983 kuitwa kwa neno la namna hiyo, na kutoka kwao ikaenea duniani fikra ya watu wanaoishi na virusi. Huku kwetu iliingia kupitia Wakenya waliojitokeza wazi wakati kujitokeza kulimaanisha kufukuzwa nyumba na kazi. Joe Muriuki alikuwa wa kwanza kufanya hivyo hadharani. Asunta Wagura naye aliandika habari za maisha yake gazetini juma baada ya juma. Tanzania wakafupisha na kusema WAVIU. Kibera hakuna aliyefupisha. Husema tu, "Ako kwa dawa." Maneno matatu, na neno dawa nalo likafinyika kama kupima. Anayemeza dawa za presha hawezi kusema hivyo asieleweke vibaya.

Vilevile kile kituo maalumu cha huduma za VVU ndani ya hospitali kilijulikana kwa herufi zake tatu, zikawa neno: "naenda sisisi." Mgonjwa alikuwa na kadi ya sisisi na namba ya sisisi, akamjua karani, muuguzi na wenzake wa foleni. Wapo waliolalamika kwamba mlango wake pekee ulitosha kumtangaza mtu. Ni kweli. Lakini ndani ya mlango huo maneno yote niliyoyataja yalikuwa na maana moja kwa kila aliyekuwepo, na hakuna aliyehitaji kuyanong'ona.

Tuhamie upande wa pili, kwa bima.

Bima ni neno la biashara za Bahari Hindi. Lilitufikia kupitia lugha za India, na mzizi wake katika Kiajemi ni bim, yaani hofu. Aliyepakia shehena jahazini alilipa kitu ili hofu yake ibebwe na mwingine. Ni neno zuri, lakini kwa karibu historia yake yote halikuwahi kuingia nyumba ya mwenye kipato cha kutwa. Kenya ilianzisha NHIF mwaka wa 1966, na H yake mwanzoni ilikuwa ya hospitali, yaani kulazwa. Ilikuwa ya watu wenye payslipu. Ndiyo sababu kitenzi chake cha mtaani si kulipa bali kukatwa: "nakatwa NHIF." Asiye na mshahara hana kinachokatwa, kwa hivyo kitenzi chenyewe kilimwacha nje. Mwaka wa 2015 huduma za kutibiwa na kurudi nyumbani ziliongezwa, na mchango wa asiyeajiriwa ukapanda kutoka Sh160 hadi Sh500 kwa mwezi.

Kisha ikaja Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, na mnamo Oktoba 1, 2024, NHIF ikaondoka na SHA ikaingia. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hukadiriwa mapato ya familia kwa maswali, hulipa angalau Sh300 kwa mwezi, na mwanzoni alitakiwa kuzitoa za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Mwaka wa 2025 serikali ikaleta mkopo wa kulipia mchango huo, nao ukaitwa Lipa SHA Pole Pole. Hilo ndilo jina la pekee katika mfumo mzima ambalo naamini lilitungwa na mtu anayewaza kwa Kiswahili. Mengine ni tafsiri, na tafsiri ndizo zilizotuletea taabu.

Utaratibu wa kukadiria mapato ulifasiriwa kuwa kupima uwezo wa kulipa. Mtu anaulizwa ukuta wa nyumba yake ni wa nini, choo ni cha aina gani, taa yake hutumia nini. (Choo katika sehemu kubwa ya Silanga ni cha kulipia, na ni cha watu wengi, kwa hivyo swali la choo chako lina kichekesho chake.) Halafu inaulizwa, "Umepimwa?" Hilo ni swali moja kwa mtu wa SHA, na swali jingine kabisa kwa mama aliyesimama foleni na mtoto mgongoni.

Hali nayo. Mfumo wa SHA hueleza kama mchango wa mwanachama umelipwa au la, na hilo limekuwa hali yake ya uanachama, au kwa mseto wa mtaani, status. Hiyo status ni ileile ya mabango ya kujua hali yako. Mwaka wa 2020 janga la Covid lilikuwa limeanza kuyatoa maneno haya kifungoni, kwani kila alasiri Waziri Mutahi Kagwe alitangaza waliopimwa na watu wakasema "nimepimwa" bila kunong'ona. Haikudumu.

Mgongano huu ungebaki mzaha wa wanaisimu kama milango ingebaki miwili. Lakini Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na vituo vingi vya huduma za VVU vilivyotegemea fedha hizo vikafungwa au kupoteza wahudumu. Julai 1 mwaka huohuo USAID ikafikia mwisho wake. Wizara ya Afya ikaharakisha mpango wa kuziweka huduma za VVU pamoja na huduma nyingine za wagonjwa wa nje. Kwa Kiswahili cha rasmi hii huitwa kujumuisha. Mtaani nimesikia kitenzi kingine: "Wametuchanganya." Kuchanganya ni kuweka pamoja, na pia ni kuvuruga akili, na sikumuuliza aliyesema alimaanisha lipi.

Sasa dirisha ni moja. Karani anauliza, "Mama, hali yako ikoje, imelipwa?" na mama anasikia nusu ya kwanza. Karani anasema, "Bila SHA hatuwezi kukuona," naye mgonjwa anayemeza dawa tangu kliniki za Madaktari Wasio na Mipaka anaelewa kwamba dawa zake zimegeuka za kulipia. Anaondoka. Anayekosa dawa kwa wiki chache si sawa na aliyekosa mlo mmoja. Virusi vinarudi, na vinaweza kurudi vikiwa vimezoea dawa.

Hapo tena kuna neno la kutazamwa: sugu. Katika kliniki ya VVU, sugu ni tusi kubwa. Virusi sugu ni vile visivyosikia dawa. Katika sheria ya SHA imo hazina ya dharura na magonjwa sugu, ambapo sugu ni ugonjwa wa muda mrefu tu, kama kisukari. Mgonjwa wa Silanga akiambiwa VVU ni ugonjwa sugu anaweza kuelewa mawili: kwamba dawa zake zimeshindwa, au kwamba sasa analipiwa na hazina hiyo. Yote mawili si kweli.

Neno bure nalo limezidiwa kazi. Lina maana ya bila malipo, na pia ya bila faida, kama katika "amekufa bure," kwa hivyo watu hulishuku kwa haki. Kwa mujibu wa utaratibu uliopo, dawa za kupunguza makali hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na hazidai mchango wa SHA. Kutibiwa homa katika zahanati au kituo cha afya kunadai mtu awe amesajiliwa tu. Kulazwa hospitalini, iwe ni kwa nimonia au kwa kifua kikuu kilichozidi, kunadai awe amelipa. Hizi ni ngazi tatu, lakini mtaani zina sentensi moja: "Niko kwa SHA." Aliyejisajili kwa kubonyeza *147# husema hivyo. Aliyelipa husema vivyo hivyo. Tofauti hugunduliwa usiku wa manane, mgonjwa akiwa kwenye mkokoteni.

Isitoshe, kusajiliwa si neno jepesi kwa mtu mwenye VVU. Mwezi Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza kukusanywa kwa takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na majina. Mahakama Kuu iliamua mnamo Desemba 2016 kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Sheria ya kuzuia ukimwi ya 2006 pia inalinda siri ya matokeo, na ikaunda jopo maalumu la kusikiliza malalamishi kama hayo. Kwa hivyo anayesitasita kutoa alama za vidole si mjinga wala mkaidi. Anakumbuka orodha.

Fauka ya hayo lipo la karibuni zaidi: virusi havionekani. Sayansi imethibitisha kwamba mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi vyake vishuke chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuona hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ni habari njema kuliko zote tulizopata tangu 1984, nayo imefasiriwa kwa kitenzi ambacho Mswahili hukitumia pia kwa kitu kilichopotea. "Fulani siku hizi haonekani" maana yake amehama au amekufa. Mgonjwa akiambiwa virusi havionekani, huenda akaona hakuna haja ya kuendelea kuvinyima makali. Mimi ningesema vimezimwa. Taa iliyozimwa ipo, na kila mkazi wa Kibera anajua stima ikizimwa hurudi bila kutangaza.

Na kwa wanaoandika fomu na kuwafunza makarani, ningeomba machache. Mapato yakadiriwe, yasipimwe. Mtu asiulizwe hali kwenye dirisha. Aulizwe, "Mchango wako umelipwa hadi mwezi gani?" Ugonjwa wa muda mrefu uitwe hivyo, sugu ibakie kwa virusi visivyosikia dawa. Na kabla ya kutaja SHA, karani amuulize mgonjwa amekuja kuchukua dawa zake au kumwona daktari, kwa sauti ileile anayomuulizia kila mtu kwenye foleni.